Saa Nyembamba ya Mjomba

Kabla hajauona uso wa Rehani, Hidaya aliliona koti lake. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kuliko wa kulia, kama la mtu aliyetia jiwe mfukoni akasahau kulitoa. Hidaya alikuwa ameinamia kofia aliyokuwa akiishona kibarazani kwa mjomba wake pale Bigwa, na kama kawaida yake hakuinua macho mgeni alipobisha hodi. Macho yaliishia kwenye pindo la lile koti. Mshonaji hawezi kuacha kuona pindo lililokwenda upande.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," alijibu, kwa sauti ambayo hata kuku aliyekuwa akidonoa miguuni pake hakushtuka.

"Nimeambiwa hapa ndipo zinaposhonwa kofia nzuri kupita zote Morogoro."

Hidaya akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaona haya, maana kukubali vile ni kujisifu, akatikisa tena kukataa. Mgeni akacheka.

"Sasa nishike lipi?"

Hidaya alimsogezea kigoda, akakata uzi na kumpa auzungushe mwenyewe kichwani, afunge fundo pale ncha zinapokutana. Ndivyo alivyowapimia wanaume wote, bila kuwagusa. Yule kijana akafunga fundo, akamrudishia uzi. Vidole vyao havikukutana, lakini uzi ulikuwa na joto la paji la uso wake, na Hidaya alilisikia lile joto mpaka jioni.

Mgeni alipogeuka kwenda zake, lile koti likamshinda uvumilivu.

"Koti lako linalala upande," alisema.

Kijana akasimama. Akatia mkono mfukoni, akatoa saa kubwa nene, yenye mkufu mzito, inayogonga kama panya anayeguguna ubao.

"Mkosaji ni huyu hapa. Saa ya Kijerumani, ya kazi. Mimi ni mtu wa stesheni, dada, na gari moshi halimsubiri mtu. Naitwa Rehani. Kwetu Bagamoyo, ila reli ndiyo iliyonitupa huku kwenu."

"Ukiuhamishia mfuko kwa ndani, koti litanyooka."

"Basi uhamishe wewe."

Hidaya akainama tena kwenye kofia yake, akajichoma sindano.

Rehani alirudi kuchukua kofia. Akarudi tena kusema inambana. Akarudi tena kusema inampwaya. Bibi Chausiku, mkaza mjomba wake Hidaya, alikuwa akitwanga uani siku ile, akaweka mchi chini.

"Heee! Kichwa cha kijana huyu kinaumuka na kunywea kama mkate wa kumimina! Hidaya, mwambie alete posa, tupumzike."

Posa ililetwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito.

Mama yake Hidaya alifariki Hidaya akiwa mdogo, akalelewa na Mzee Stambuli, ndugu wa mama yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho juu ya binti ni la mjomba. Mzee Stambuli alimlea kwa upole, akamfundisha kushona kofia, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi. Wanaume walikuwa wakishuka kutoka milimani kuja kununua kofia zake. Halafu mwaka mmoja akaiweka sindano chini, akasema macho yamechoka. Tangu hapo Hidaya ndiye anayeshona.

Lakini Hidaya alijua si macho. Mjomba alikuwa akiona mwewe juu ya Uluguru kabla ya watoto kumwona. Alikuwa akiona uzi ulioanguka mkekani na kumwambia, "Okota uzi wako, mama." Kilichokuwa kimechoka ni mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vikikakamaa, na asubuhi, baridi ya mlimani ikishuka, havikunjiki wala havikunjuki. Mjomba aliuficha mkono ule ndani ya mkono wa kanzu, na hakuna mtu aliyeuliza. Hidaya naye hakuuliza. Mtu aliyetoboa vitobo vya kofia vidogo kuliko wote Bigwa hawezi kuulizwa na mtoto aliyemlea kwa nini vidole vyake havishiki sindano.

Mjomba alipoletewa posa hakukataa. Alisema, "Ni mtu wa kuja, na mtu wa reli. Reli haina kwao. Leo yuko hapa, kesho wamempeleka Kilosa, na mtoto wangu nyuma yake. Lakini alete kilemba cha mjomba, nione ni mtu wa namna gani."

Kilemba cha mjomba kwa wengi ni kitambaa kizuri na maneno mazuri. Rehani alitaka zaidi ya hapo. Jioni moja alikuja kibarazani amebeba chenza, limau na ndimu. Akakaa mbali kidogo kama ilivyo adabu, akatoa kisu, akakata kila tunda katikati, akayapanga mkekani sura juu. Vyumba vya matunda yale vikatokeza kama mistari ya saa.

"Hizi ndizo saa tatu nilizoziona kwenye duka la Mhindi kule mjini," alisema. "Nataka kumpa mjomba saa ya kuvalia. Ya Ijumaa na sikukuu. Zote za Kijerumani. Nisaidie kuchagua ukubwa, wewe ndiye unayemjua."

Hidaya akayatazama matunda, akatabasamu chini chini.

"Hii chenza ni sawa na saa yangu. Nene, nzito. Kile kichwa cha kutilia ufunguo ni kikubwa kama punje ya hindi, unakizungusha hata ukiwa umefumba macho. Hii limau iko katikati. Na hii ndimu... ah, Hidaya, ungeiona! Nyembamba! Ukiitia kwenye kizibao hakivimbi hata kidogo. Kichwa chake ni kama punje ya ulezi."

Hidaya akaacha kutabasamu.

"Chenza," alisema.

"Chenza? Hii ya wabeba mizigo?"

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe uliniambia inalaza koti!"

"Chenza."

"Kwa nini?"

Hidaya akautazama mlango. Ndani mjomba alikuwa akikohoa. Angesemaje? Siri ya ule mkono haikuwa yake kuitoa, tena kwa kijana anayengoja kupimwa na mzee yule yule. Akatafuta sababu, akapata mbaya.

"Mjomba ni mtu mkubwa."

"Ndiyo maana sitaki kumvunjia heshima! Rafiki yangu anafanya kazi nyumbani kwa Mdachi mmoja. Anasema mabwana wakialikwa karamuni hawaendi na saa nene. Nene ni ya kazi. Ya kuvalia ni nyembamba, inakaa kimya mfukoni. Nikimpa mjomba wako saa kama yangu atasema nimemwona kuli mwenzangu."

"Hatasema."

"Umejuaje?"

Hidaya akaokota sindano yake.

Rehani akamtazama sana. Alikuwa na macho makubwa yasiyojua kuficha kitu, na Hidaya akaona maumivu yakiingia humo taratibu.

"Au unaniona siwezi kununua kitu kizuri? Unanihurumia?"

"Sikuhurumii."

"Basi niambie sababu."

"Siwezi."

"Kila siku huwezi, Hidaya. Mimi naongea, wewe unashona. Naondoka, nakaa kule stesheni nayaokota maneno yako yote, hayajai kiganja." Akainuka, akajikung'uta kanzu. "Nitachagua mwenyewe."

Akaenda zake, koti likiwa limenyooka, kwa kuwa Hidaya alikwisha kuuhamisha mfuko. Hidaya akakusanya matunda. Maji ya ndimu yakaingia mahali alipojichoma sindano asubuhi ile, yakawasha, naye akakaa palepale mkono kifuani kama aliyeumwa na kitu kikubwa zaidi.

Rehani akanunua ile nyembamba. Na kwa kweli ilikuwa nzuri. Mzee Stambuli alipoifungua kitambaa alinyamaza kama mtu anayesikiliza. Akaiweka sikioni. Akaitia mfuko wa kizibao, akaitoa, akaitia tena.

"Chausiku, njoo uone! Haivimbi!"

"Nimeiona, mume wangu. Usije ukaimeza."

Hata Hidaya alifurahi, akajiambia huenda alikosea. Asubuhi ya pili mjomba alimwita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, saa iko kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya kanzu.

"Macho yangu haya, mama. Hebu nitilie ufunguo."

Hidaya akakishika kile kichwa kidogo kwa ncha za vidole viwili, akakizungusha mpaka kikakaza. Mjomba akashusha pumzi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi. Alikuwa ameshazoea kuamka mapema kuliko wote ili apashe maji ya udhu ya mjomba. Sasa baada ya maji ikafuata saa. Mshenga wa Rehani akija kuulizia siku ya nikahi, mjomba alisema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, akasema baada ya Ramadhani. Siku moja Hidaya, akiwa jikoni, aliwasikia wazee wake wakizungumza nyuma ya ukuta.

"Nikimwacha aende," alisema mjomba, "nani atanitilia saa ufunguo?"

"Mimi sina mikono?"

"Wewe utaivunja."

"Stambuli," alisema Bibi Chausiku polepole, "unachokililia ni saa au mtoto?"

Hidaya akafunika chungu, akatoka nje, asije akasikia zaidi.

Rehani alimkuta mtoni anafua. Alisimama ng'ambo, juu ya mawe, ili mtu akipita asiseme neno.

"Wamenihamishia Kilosa," alisema. "Naondoka Jumatatu."

Nguo ikamponyoka Hidaya, maji yakaichukua. Rehani akaruka ndani ya mto na viatu vyake, akaikamata, akairudisha juu ya jiwe katikati yao, akarudi ng'ambo kusimama palepale, suruali inatiririka.

"Ijumaa nitakuja kumuaga mjomba. Akinipa siku, nitarudi kukuoa. Asiponipa, sitarudi kukaa kibarazani kwenu kama kigoda. Nimechoka kuambiwa baada ya hiki, baada ya kile." Akakamua pindo la suruali. "Sema neno, Hidaya. Mjomba anasema, mkaza mjomba anasema, mpaka mshenga anayelipwa kwa kahawa anasema. Wewe tu."

"Binti akiulizwa ananyamaza," Hidaya alinong'ona. "Kimya chake ndiko kukubali kwake. Ndivyo ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo. Lakini kimya kila mtu anakisoma anavyopenda. Mimi nimekisoma kwamba unanitaka. Mjomba wako kakisoma kwamba hutaki kumwacha. Yupi kati yetu anajua kusoma?"

Akangoja. Hidaya alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yamejaa mpaka kooni, lakini yalipofika kwenye meno yakarudi. Rehani akainamisha kichwa, akaondoka, viatu vyake vikilia maji.

Alhamisi Hidaya alitumwa Kilakala kumuuguza bibi mmoja wa ukoo, akalala huko. Alirudi Ijumaa watu wameshatoka msikitini. Kibarazani alimkuta mjomba amevaa kizibao chake, na pembeni yake Mzee Mikidadi, mtani wake wa siku nyingi. Mikidadi ni Mzigua, na Wazigua na Waluguru hutaniana bila kuogopana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na ukalazimika kucheka. Rehani alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia kichwani, ile ile iliyombana na kumpwaya. Hidaya alimwamkia mjomba shikamoo, akamwamkia Mzee Mikidadi, akapita ndani kuleta kahawa. Hakumtazama Rehani. Alimwona hata hivyo.

"Nimekuja kuaga, mjomba," Rehani alikuwa akisema. "Na kuuliza kwa mara ya mwisho."

"Ya nini haraka?" alisema Mzee Stambuli. "Mambo ya nyumba hayaendi kwa saa."

"Hayaendi kwa saa!" Mikidadi akadakia. "Na hiyo uliyoitundika kifuani ni hirizi? Watu wa Bigwa hatulali kwa sifa za saa ya Stambuli! Tangu lini Mluguru akajua saa? Nyie mnatazama ukungu ukishuka mlimani mnasema kumekucha!"

"Na nyie Wazigua mnajua saa ya kula tu."

"Basi itoe itwambie kama imefika, maana mkeo hajaleta kitu!"

Watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama kucheka. Mjomba naye akicheka akaitoa saa kwa mkono wa kushoto, akaitazama. Kicheko kikamkauka. Mikidadi akachungulia begani kwake.

"Saa nne? Ijumaa tumeiswali saa nne? Innalillahi! Imekufa! Jamani, saa ya mtani wangu imefariki dunia, nani ataiosha?"

"Imesimama tu," alisema mjomba.

"Basi isimamishe vizuri, itie ufunguo! Tuone Mluguru akitia saa ufunguo!"

Hidaya alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Jana alikuwa Kilakala. Leo asubuhi alikuwa Kilakala. Hakuna aliyeitia ufunguo.

Mkono wa kulia ukatoka polepole ndani ya kanzu. Kidole gumba kikakifuata kile kichwa kidogo kama punje ya ulezi, kikakigusa, kikateleza. Kikarudi, kikateleza. Vidole vingine vilikuwa vimekunjamana kama mizizi ya tangawizi, havikuweza kusaidia. Wale wa njiani waliendelea kucheka, wakidhani ni utani bado. Mikidadi ndiye aliyenyamaza kwanza. Alikuwa mtani, hakuwa adui, na sasa aliona mahali alipomfikisha mwenzake, naye hakujua amtoeje.

Hidaya alitaka kukimbia kuichukua saa ile. Lakini kuichukua mbele za watu ni kumvua mjomba nguo. Akamtazama Rehani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuyaondoa macho yake.

Rehani alikuwa anautazama ule mkono. Kisha akamtazama Hidaya. Walitazamana muda ambao kahawa ingeweza kupoa. Hidaya akaiona ile chenza ikiingia machoni mwa Rehani. Akaiona ile jioni yote ikirudi, neno kwa neno, na Rehani akilipata jibu la "kwa nini" yake. Uso wake ukabadilika. Ukawa kama wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo wa hasira njia nzima, sasa anautua.

Akainuka, akapiga goti mbele ya mzee.

"Mjomba, nisamehe. Nipe hiyo."

Akaichukua taratibu. Akaiweka sikioni, akaitikisa, akajidai kuizungusha, akateleza kwa makusudi.

"Hata kwangu inakataa. Nilikuletea saa mbovu. Kosa ni langu, niliichagua kwa macho tu, sikuuliza mkono. Niliambiwa na mtu anayejua, nikajifanya mjuaji."

Mzee Mikidadi alikuwa mwepesi wa kuelewa.

"Si ndiyo hizo saa za deko! Hiyo ni ya bibi harusi, itawezaje mkono wa mwanamume? Mimi ningeshaitupa chooni!"

Watu wakacheka tena, lakini safari hii waliicheka saa. Rehani akatia mkono ndani ya koti, kwenye mfuko alioshonewa na Hidaya, akaitoa saa yake kubwa. Akaiweka kwenye kiganja cha Mzee Stambuli kwa mikono miwili.

"Hii ni ya kazi, si ya kuvalia. Lakini ni kiasi chako, mjomba. Ipokee."

Mzee Stambuli aliifumba mkononi. Ilikuwa na joto la kifua cha kijana. Akakibana kile kichwa kinene kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, bila kuhitaji ncha za vidole, akakizungusha. Krrr. Kikakubali. Krrr, krrr. Akaendelea kukizungusha hata baada ya saa kujaa, kama mtoto. Alipoinua uso, macho yake yaliyosingiziwa miaka yote yalikuwa yamelowa.

"Na wewe kazini?"

"Nitakaa na hii ndogo mpaka nipate nyingine."

"Si umesema mbovu?"

"Itapona."

"Fundi wake yuko wapi?"

Rehani akatazama mlangoni. "Fundi wake namjua mmoja tu, mjomba. Kila asubuhi alikuwa anaitibu. Lakini hawezi kwenda Kilosa bila ruhusa ya mjomba wake."

"Mtani!" Mikidadi akapiga paja. "Umekamatwa! Mtu wa Pwani amekufunga na mkufu wa saa!"

Mzee Stambuli hakucheka. Aliitia ile saa nene kwenye kizibao, kikavimba kama shavu lenye jino bovu, akainuka akaingia ndani. Akapita sebuleni mpaka uani. Hidaya akaweka birika chini, akamfuata.

Uani hakukuwa na mtu ila kuku. Mjomba alisimama kando ya mafiga, mgongo kwake.

"Ulimwambia?"

"Hapana, mjomba."

"Juu ya mkono."

"Sikumwambia. Aliponiuliza ukubwa wa saa nilimwambia achukue ile nene. Aliponiuliza sababu nilinyamaza. Akanikasirikia."

"Kwa hiyo ulijua."

Hidaya akazitazama nyayo zake. Kama si siku ile asingeweza kusema, na angeondoka Bigwa siku moja bila kusema.

"Maji ya udhu," alisema. "Yale ya asubuhi. Ninayoyapasha."

"Kwa ajili ya baridi."

"Kwa ajili ya vidole vyako, mjomba. Ukivitia kwenye maji ya moto vinalegea kidogo. Niliona. Saa usiitie ufunguo kabla ya udhu, itie baada ya udhu, vikiwa bado na joto. Nitamwonyesha mkaza mjomba yawe ya moto kiasi gani. Yakizidi unavuta mkono, yakipungua hayasaidii."

Mzee Stambuli akageuka. Aliutoa mkono wa kulia ndani ya kanzu, akautazama mwenyewe mbele ya mtoto wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aiweke sindano chini.

"Miaka yote hiyo hukunitamkia."

"Uliniambia ni macho, mjomba."

Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati. Akamwekea ule mkono kichwani, na vidole vilivyokunjamana vikakaa juu ya ushungi wake bila kujificha.

"Sikia, mama. Kwa desturi nikuulize mbele ya watu, wewe unyamaze, waseme amekubali. Lakini mimi kimya chako nimekisoma muda mrefu kwamba hutaki kuniacha. Nilikisoma hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyotaka kisomeke. Nikasingizia mavuno, nikasingizia mfungo, nikasingizia saa. Sitaki kukisoma tena. Leo umenitamkia moja. Nitamkie na la pili."

Kutoka kibarazani ilisikika sauti ya Mikidadi ikimwuliza Rehani kama kwao Bagamoyo kahawa huwa inanuswa tu. Kupitia mlango ulioachwa wazi Hidaya aliuona mgongo wake kwenye kigoda, umetulia kama wa mtu anayesikiliza kwa mwili mzima. Koti lake lilikuwa limenyooka pande zote mbili, jepesi, halina kitu cha kulivuta.

Maneno yakapanda kooni, yakafika kwenye meno. Hidaya hakuyarudisha. Akayatoa kwa sauti iliyowafanya kuku waruke kando ya mafiga.

"Nataka kwenda Kilosa na Rehani, mjomba. Nampenda."